Akiba ya Mbao za Zamani: Mali Halali na Ushahidi Wake

(Hotuba ya Katibu wa Chama Kikuu, iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa kuadhimisha miaka kumi)



Waliotangulia kusema asubuhi hii wametueleza habari za ufuta, korosho na mbaazi, na jinsi Chama Kikuu chetu kilivyokwenda kwa miaka hii kumi. Mimi nimeagizwa na Halmashauri niseme juu ya mali moja isiyoonekana katika hesabu zetu za mwaka, wala haijapata kupandishwa katika mizani yetu, lakini imo katika nyumba nyingi za wanachama. Nayo ni mbao ngumu za zamani: mpingo, mninga, mkongo na mkangazi. Nyingine zimelala juu ya dari tangu siku za baba zetu. Nyingine zimeegemezwa nyuma ya ghala. Nyingine ni magogo mafupi ya mpingo ambayo fundi aliyanunua, akafariki kabla ya kuyachonga.

Wahenga walisema kwamba akiba haiozi. Maneno hayo ni ya kweli kwa mpingo kuliko kwa miti mingi, kwa maana mdudu hautoboi moyo wake kwa urahisi, na ukiutupa majini huzama kama jiwe. Lakini iko akiba isiyooza kwa maji wala kwa mdudu, nayo ikaoza kwa kukosa karatasi. Wapo wanachama walio na mali halali kabisa ambayo hawawezi kuiuza, kwa sababu hawawezi kuonyesha ilitoka wapi na lini. Na wapo wanunuzi wanaopita vijijini wakiijua shida hiyo, wakaigeuza kuwa faida yao. Kwa hiyo naomba subira yenu, nieleze kwanza sheria inasemaje, kisha hatari iko wapi, na mwisho shauri ambalo Halmashauri inalileta mbele yenu mlipigie kura.

Yafaa tufahamu kwamba mbao hupita katika milango miwili. Mlango wa kwanza ni wa ndani ya nchi, na ufunguo wake ni Sheria ya Misitu Na. 14 ya mwaka 2002 pamoja na kanuni zake. Mti hukatwa kwa kibali. Gogo hugongwa nyundo ya Serikali. Na mzigo unaposafiri barabarani hufuatana na hati ya kusafirishia mazao ya misitu. Mwenye mbao akizitoa kijijini kuzipeleka mjini bila ya hati hiyo, askari wa kizuizini hana njia ya kujua kama zilikatwa juzi usiku au miaka thelathini iliyopita. Yeye huona mbao na gari, basi.

Mlango wa pili ni wa mpakani, nao unalindwa na mkataba wa mataifa juu ya biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini kutoweka, ambao jina lake fupi ni CITES. Mkataba huo ulitiwa sahihi Washington mwaka 1973, na nchi yetu iliuridhia mwaka 1979. Mataifa wanachama walipokutana Johannesburg mwaka 2016 walikata shauri kuiweka jamii yote ya Dalbergia, ambayo mpingo wetu ni mmojawapo, katika Kiambatisho cha Pili cha mkataba. Amri hiyo ilianza kazi tarehe 2 Januari 2017. Kisha mwaka 2022, katika mkutano wa Panama, waliingiza mininga, mikongo na mikangazi ya Afrika, na amri ikaanza tarehe 23 Februari 2023.

Wako waliosikia habari hizo nusu, wakadhani kwamba mpingo umekatazwa. La, haukukatazwa. Mti ulio katika Kiambatisho cha Kwanza ndio uliofungiwa biashara, kama ule mti wa Brazil uitwao Dalbergia nigra, uliofungiwa mwaka 1992. Mti ulio katika Kiambatisho cha Pili huuzwa nje, ila kwa kibali, na kibali hutolewa pale Serikali inaporidhika kwamba ulipatikana kwa halali na kwamba kuukata hakuangamizi jamii yake. Na sababu ya ulinzi huo sisi wenyewe twaiona. Mpingo huchukua miaka sabini na zaidi kufikia unene wa kuvunwa, na fundi akisha kutoa ganda jeupe, nyufa na mashimo, hubakiwa na sehemu ndogo ya kufanyia klarineti au zumari. Mtu anayekata mpingo leo anakata mti ambao huenda babu yake aliupita ungali mche.

Sasa nakuja kwenye mbao za zamani zenyewe. Mkataba huo, katika Kifungu cha Saba, haukuwasahau waliokuwa na mali kabla ya amri. Umesema kwamba kitu kilichopatikana kabla ya mkataba kukigusa chaweza kutoka nje kwa cheti maalumu, kinachothibitisha ukale wake, bila ya kupita njia ya kibali cha kawaida. Kwa mpingo, siku ya mpaka ni ile ya 2 Januari 2017. Kwa mninga, mkongo na mkangazi, ni ile ya 23 Februari 2023. Na tarehe hiyo huufuata mti, haimfuati mwenye mti. Mpingo uliokatwa mwaka 2005, ukauzwa leo kwa mtu mwingine, ungali mpingo wa mwaka 2005. Kadhalika mpingo uliokatwa mwaka 2020 hauwi wa zamani kwa kuhamishiwa katika ghala la mzee.

Tena si kila kitu huhitaji karatasi za mpakani. Mwaka 2019, katika mkutano wa Geneva, mataifa yalikubali kwamba ala za muziki zilizokamilika zilizotengenezwa kwa mpingo ziachiwe huru, na vitu vingine vilivyokamilika, kama sanamu, viachiwe mpaka kilo 10 za mti huo kwa shehena. Kwa mninga, mkongo na mkangazi amri inahusu magogo, mbao zilizopasuliwa, mbao nyembamba za kubandikia, mbao za tabaka, na mbao zilizorandwa kwa mtindo wa kuunganishwa kama za sakafu. Kiti au meza iliyokamilika haimo. Mafundi wetu walitafakari jambo hilo. Ubao wa mninga hauvuki mpaka bila cheti au kibali, na kiti cha mninga huo huo chavuka bila ya karatasi hizo za mkataba. Kazi ya mikono ya vijana wetu, basi, si ujira tu, bali pia huipunguzia mali mashaka njiani.

Pengine mzee atauliza: "Mimi nilikata kwa halali, nikalipa ushuru, nikapewa stakabadhi ambayo panya wameila. Kwa nini leo nithibitishe mali yangu mwenyewe?" Swali hilo ni la haki, wala halistahili kubezwa. Nalijibu kwa jambo ambalo sote twalijua. Ukileta korosho ghalani, hata kama kila mtu kijijini anaujua mkorosho wako, hulipwi kwa kujulikana. Walipwa kwa stakabadhi ya ghala. Karani akiandika kilo 300, ni 300. Asipoandika, ni hadithi. Katika biashara ya mbali, mnunuzi hakujui wewe wala hajui shamba lako, ajua karatasi. Ndiyo maana wakubwa wetu walituachia neno, kwamba mali bila daftari hupotea bila habari.

Na mnunuzi wa mbali ana sababu ya kuogopa. Nchini Marekani iko sheria ya zamani iitwayo Lacey, ya mwaka 1900, ambayo mwaka 2008 ilipanuliwa hata ikahusu mbao: ni kosa kununua au kuuza mbao zilizopatikana kwa kuvunja sheria ya nchi zilikotoka. Mwaka 2009, na tena mwaka 2011, maofisa wa Serikali waliingia katika majengo ya kampuni ya magitaa ya Gibson, wakachukua mbao. Mojawapo ya tuhuma zao ilihusu abunusi ya Madagaska, ambayo nchi hiyo ilikuwa imekataza isitoke kabla ya kukamilishwa. Mwaka 2012 kampuni ilipatana na Serikali. Ilikubali kulipa adhabu ya dola 300,000, na dola 50,000 zaidi kwa mfuko wa kuhifadhi viumbe, tena iliacha madai yake juu ya abunusi yenye bei ya dola 261,844. Umoja wa Ulaya nao mwaka 2013 ulianza kumtaka kila aingizaye mbao katika soko lake achunguze asili yake kwanza. Tangu hapo mnunuzi mwenye akili huuliza karatasi kabla hajauliza bei.

Hapo ndipo penye hatari yetu. Ikiwa karatasi ndiyo yenye thamani, basi yuko mtu anayeitaka karatasi kuliko anavyozitaka mbao. Wajumbe wa vyama viwili vya msingi wameiletea Halmashauri habari za mnunuzi aliyekuja kwa maneno matamu. Alisema yuko tayari kununua akiba yote ya zamani ya wanachama, kwa fedha taslimu, kwa sharti moja: Chama kitoe barua kwamba mbao ni za zamani, na nafasi ya idadi iachwe wazi, "tutaijaza wakati wa kupakia." Wengine walisema huyo ni mfadhili. Mimi nasema tumtazame vizuri. Mtu huyo hanunui mbao zenu. Ananunua uzee wenu. Atachukua mbao kumi zenye haki, na chini ya barua moja atapitisha mia zilizokatwa mwezi uliopita katika msitu wa kijiji. Yeye atakwenda zake. Jina litakalobaki katika barua ni la mwanachama na la Chama hiki.

Hayo si mawazo ya kuogofya watoto. Yamekwisha kutokea kwa jirani zetu wa ng'ambo ya bahari, katika kisiwa ambacho wazee wetu wa pwani walikiita Bukini, yaani Madagaska. Mwaka 2009, wakati nchi ilipokuwa katika msukosuko wa siasa, watu waliingia katika hifadhi za Masoala na Marojejy wakakata miti myekundu ya jamii moja na mpingo wetu. Mwaka huo huo wakubwa wa nchi walitoa ruhusa magogo yaliyokwisha kukatwa yauzwe nje, ati akiba imalizike. Haikumalizika, kwa maana palipokuwa na ruhusa ya gogo la zamani, kila gogo bichi lilijiita la zamani. Mwaka 2010 biashara ilipigwa marufuku. Mwaka 2013 miti hiyo ya Madagaska iliingizwa katika Kiambatisho cha Pili, na mataifa yakaagiza akiba yote ihesabiwe na kukaguliwa kabla ya gogo moja kutoka. Mwenye gogo la haki alifungiwa mlango pamoja na mwizi, kwa sababu hapakuwa na mtu awezaye kuwatenga. Samaki mmoja akioza, wote wameoza.

Kutokana na habari hiyo tupate kanuni moja, nami naomba mjumbe asiyekumbuka neno lingine lolote alikumbuke hili: akiba ya zamani ina tabia ya kupungua, haina tabia ya kuzidi. Ukiona rundo la mbao za kale linauzwa kila mwezi wala halishuki, ujue lina mama anayezaa, na mama huyo yuko msituni.

Ipo pia kanuni ya pili, ambayo ni ngumu zaidi kuitamka mbele ya jamaa. Uzee hausafishi wizi. Mtu aliyekata mpingo mwaka 1998 bila kibali hana mpingo wa halali leo kwa sababu umekauka vizuri. Tarehe huthibitisha tarehe tu. Kwa hiyo wanachama wasije kwa makarani wetu na mbao zisizo na asili, wakitumaini kwamba muhuri wa Chama utazibatiza.

Basi, ushahidi wa haki ni upi? Ni stakabadhi ya ushuru au ya kununulia mbao. Ni kipande cha hati ya kusafirishia. Ni alama ya nyundo iliyobaki mwishoni mwa gogo. Ni orodha ya mali ya marehemu iliyoandikwa wakati wa mirathi. Ni picha yenye tarehe. Ni kitabu cha mikutano ya kijiji kilichoandika mavuno ya mwaka fulani. Kiapo mbele ya hakimu au wakili husaidia kikiwa pamoja na mojawapo ya hayo; kikisimama peke yake ni dhaifu, na kikiwa cha uongo ni kosa la jinai. Jicho peke yake halitoshi, kwa maana ubao uliopigwa na jua na vumbi kwa misimu michache huvaa sura ya uzee.

Na asiye na ushahidi wowote, je? Huyo nampa pole, wala simdanganyi. Asitafute wa kumwandikia stakabadhi ya jana yenye tarehe ya mwaka juzi. Amwite Mhifadhi Misitu wa Wilaya azione mbao pale pale zilipo, kabla hajazipakia garini, amweleze ukweli, apate shauri lake. Ikiwa hazina njia ya kwenda soko la mbali, hazikosi kazi nyumbani. Kitanda cha mninga ni mali, na mlango wa mkongo humzika aliyeutengeneza na mwanawe.

Mabibi na mabwana, huenda mtu akaona kwamba nasema mengi juu ya vizuizi, na machache juu ya faida. Lakini faida ipo, tena karibu. Mwaka 2009 vijiji vya Kikole na Kisangi, wilayani Kilwa, viliingia katika cheti cha kimataifa cha FSC kwa usimamizi mwema wa misitu yao, na misitu hiyo ilikuwa ya kwanza barani Afrika, miongoni mwa misitu ya asili inayosimamiwa na wanavijiji, kupata cheti hicho. Watu wa vijiji hivyo ni wakulima kama sisi. Mpingo wao ni mpingo huu huu. Walichoongeza ni mpaka unaojulikana, hesabu ya miti, na daftari lililo wazi kwa mkaguzi. Mambo hayo matatu hayahitaji mtaji mkubwa. Yahitaji uaminifu na karani asiyechoka.

Kwa hiyo Halmashauri inaleta shauri lifuatalo. Kwanza, kila chama cha msingi kifungue Daftari la Mbao za Zamani, na kila mwanachama aliye na akiba aiandikishe kwa hiari yake: jina la mti, idadi ya vipande, urefu, upana na unene wa kila kimoja, mahali ulipotoka, mwaka, na ushahidi alio nao. Kila kipande kipakwe namba kwa rangi na kipigwe picha. Mwenyekiti wa kijiji awe shahidi, na Mhifadhi Misitu wa Wilaya aombwe kukagua.

Pili, daftari lifungwe siku 90 baada ya mkutano huu, lisiongezwe hata ubao mmoja baada ya siku hiyo. Kila kipande kitakachouzwa au kutumika kifutwe kwa wino mwekundu, na jina la mnunuzi liandikwe. Hivyo hesabu itakwenda chini tu, na mkaguzi yeyote ataisoma kwa dakika chache.

Tatu, Chama kisitoe barua yoyote juu ya mbao yenye nafasi iliyoachwa wazi, wala barua isiyotaja namba za vipande. Afisa atakayetia sahihi barua ya namna hiyo ajibu mwenyewe mbele ya Halmashauri na mbele ya sheria.

Naomba ieleweke kwamba daftari letu si kibali. Haliwezi kumpa mtu haki ambayo Serikali haikumpa, wala halishindi hati ya kusafirishia au cheti cha mkataba. Kazi yake ni kumweka mwanachama tayari, ili atakapokwenda kuomba hati hizo asiende na maneno matupu. Kadhalika, akija mnunuzi wa haki, atamkuta mkulima anayejua ana vipande vingapi, vya ukubwa gani, na vya mwaka gani. Mkulima wa namna hiyo hauzi mninga kwa bei ya kuni.

Najua shauri la tatu litamfukuza yule mnunuzi wa fedha taslimu, na najua wako wanachama ambao fedha hizo zingewafaa msimu huu, hasa wenye watoto wa shule. Sisemi hasara hiyo ni ndogo. Nasema tu kwamba muhuri wa Chama ulichukua miaka kumi kupata heshima katika minada ya ufuta na korosho, na barua moja yenye nafasi wazi yatosha kuuharibu, kisha hasara itawafuata hata wasio na ubao mmoja nyumbani.

Mheshimiwa Mwenyekiti, natoa shauri hili mbele ya Mkutano, nami naomba lijadiliwe na kupigiwa kura leo, kabla ya wajumbe kutawanyika.  Udumu ushirika wetu.